Meno ya Kaure na Maji Tunayokunywa

Katika sharika zetu za chini ya Mlima Meru liko swali ambalo vijana huliuliza kwa sauti ya chini. Hawaliulizi kikaoni wala kwenye semina. Huliuliza baada ya ibada, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika. Swali ni hili: je, ni sawa kwa Mkristo kulipa fedha nyingi ili meno yake ya kahawia yafunikwe kwa kaure nyeupe? Wengine huuliza kwa sababu fedha wanazo tayari na siku ya kwenda kwa daktari imepangwa. Wengine hawana hata robo ya fedha hizo, lakini wanataka kujua kama hamu waliyo nayo ni dhambi. Wako pia wazazi wanaouliza kwa ajili ya binti zao, maana wamemwona binti akiimba kwaya midomo imefumbwa nusu, au akicheka huku kiganja kimeziba kinywa.

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Ndani yake yamo mambo matatu ambayo imani yetu haiwezi kuyapita kimya: mwili tuliopewa, ukweli tunaodaiwa, na mali tuliyokabidhiwa. Kwa hiyo tulitazame polepole, bila kumcheka anayeuliza na bila kumharakisha.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Sisi wa ukanda huu tunatambulika mbali. Mtu akishuka kwenye basi Dar es Salaam au Dodoma, akafungua kinywa kusalimia, huambiwa, "Wewe umetoka Arusha." Madoa yetu si uchafu, si laana ya ukoo, wala hayarithiwi kutoka kwa baba au mama. Yanatokana na floraidi, madini yaliyomo katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, ambayo maji huyayeyusha yanapopita ardhini kuelekea kwenye chemchemi na visima vyetu. Floraidi kidogo huimarisha jino, ndiyo maana hutiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huliharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na viko vyanzo huku Arumeru, kama vile pande za Ngarenanyuki na Maji ya Chai, ambavyo maji yake yana floraidi inayopita ukomo huo mara kadhaa. Magadi tunayotia kwenye makande nayo huongeza floraidi juu ya ile ya maji.

Uharibifu huu hutokea utotoni. Tangu kuzaliwa hadi kufikia miaka 8 hivi, meno ya ukubwani ya mtoto hujengwa ndani ya taya, hayajaonekana bado. Floraidi nyingi katika miaka hiyo huvuruga ujenzi wa enameli, yaani lile tabaka gumu la nje la jino. Jino linapokuja kuota huwa tayari lina michirizi myeupe kama chaki, ambayo baadaye hugeuka njano au kahawia. Lililoathirika sana huwa na vishimo na humeguka pembeni. Mtu mzima mwenye meno hayo anabeba kinywani kumbukumbu ya maji aliyokunywa kabla hajajua kusoma. Mswaki hauwezi kuyaondoa madoa hayo, kwa sababu hayako juu ya jino tu, yameingia katika enameli yenyewe.

Sasa hayo maganda ya kaure, ambayo madaktari huyaita vinia. Daktari wa meno huchonga uso wa mbele wa jino kiasi cha nusu milimita hivi, kisha huchukua umbo lake. Fundi wa maabara hutengeneza ganda jembamba la kaure linalolingana na umbo hilo. Mgonjwa hurudi, jino hupakwa asidi maalumu ili lishike, na ganda hugandishwa juu yake kwa gundi inayogeuka ngumu. Kazi hii ina historia fupi. Katika Hollywood, Marekani, daktari wa meno Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa sinema maganda ya kuvaa mbele ya kamera tu, yaliyoshikizwa kwa unga wa kunata na kuvuliwa kazi ikiisha. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi hushikamana vizuri na plastiki, na kwa njia hiyo, katika miaka ya 1980, kaure ikaanza kugandishwa kwenye meno ili ikae miaka mingi.

Basi ni kweli kwamba jambo hili lilianza kama vazi la waigizaji. Lakini kitu hakifungwi na mahali kilipozaliwa. Tumwulize anayekitumia leo anakitumia kwa nini.

Hoja ya kwanza tunayoisikia, hasa kwa wazee wetu, ni kwamba Mungu hakukosea. Alikuumba hivyo, ridhika hivyo. Tunaiheshimu hoja hii, kwa kuwa imewalinda wengi wasijichukie. Hata hivyo, tukiifuata hadi mwisho wake itatufikisha pasipofaa. Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka tunachanga nauli apelekwe kushonwa, wala hakuna anayesimama kusema Mungu hakukosea. Mzee wa kanisa mwenyewe husoma somo la ibada akiwa amevaa miwani. Tena tunao mfano ulio karibu zaidi. Floraidi hiyohiyo inayopaka meno rangi, ikizidi sana mwilini, hupinda miguu ya watoto na kukakamaza migongo ya watu wazima. Tunapomwona mtoto aliyepinda miguu tunatafuta hospitali. Maji ni yaleyale, madini ni yaleyale. Kwa nini kunyosha mguu kuwe huruma na kusafisha jino kuwe majivuno? Jino la kahawia halikutoka mkononi mwa Muumba likiwa hivyo. Lilikuwa linajengwa vizuri, likaingiliwa.

Wala si jambo jipya kwa Mwafrika kulibadili jino. Majirani zetu Wamasai wamezoea kung'oa meno mawili ya mbele ya chini. Wamakonde walichonga meno yao. Kwetu sote mwanya umesifiwa kuwa uzuri, ingawa kwingine watu hulipa ili uzibwe. Tangu zamani jino limesema mtu ni wa nani. Kinachotutia wasiwasi leo ni kwamba jino jeupe kupita kiasi, jeupe kama sahani, linasema mwenye nalo angependa kuwa wa watu wa kwenye simu na runinga, ambao hawamjui na hawatamzika. Hapo ndipo wazee wetu wana haki ya kuuliza. Lakini wamwulize mtu nia yake, wasimwambie kwamba mwili haugusiki.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo imetoka katika Maandiko. Sote tunakijua kisa cha Samweli nyumbani kwa Yese. Alimwona Eliabu, mrefu na mwenye sura, akadhani ndiye. Akafundishwa kwamba macho ya Mungu hayaishii kwenye umbo, yanafika moyoni. Mara nyingi kijana akilalamikia meno yake hujibiwa kwa kisa hiki: Mungu anatazama moyo, wewe unahangaikia nini?

Tukisoma vizuri tutaona somo lile alipewa nani. Hakupewa Daudi wala Eliabu. Alipewa Samweli, yule aliyekuwa anatazama, mwenye mafuta mkononi na mamlaka ya kuchagua. Alionywa anayepima wenzake kwa sura. Sisi tumeligeuza onyo hilo, tukamtwisha anayepimwa. Binti anayechekwa na wenzake shuleni, anayeambiwa na mama mkwe mtarajiwa kwamba ukoo wake una meno mabovu, anayekosa kazi ya mapokezi kwa sababu ya tabasamu lake, huyo tunamwambia atazame moyo. Wanaomcheka hatuwaambii kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili la Samweli likihubiriwa kwetu, lihubiriwe kwanza kwa mama mkwe, kwa mwajiri, na kwa vijana wa nyuma wanaotoleana majina ya utani. Tena kisa kilekile, Daudi alipoletwa, hakikuona aibu kutaja kwamba alikuwa na sura ya kupendeza. Maandiko hayauchukii uzuri, yanakataa tu kuufanya mizani ya mtu.

Tukumbuke pia jinsi Bwana wetu alivyoponya. Mwenye ukoma aliyemjia alikuwa na ugonjwa wa ngozi na ugonjwa wa kutengwa, yote mawili. Yesu alimgusa kabla ya wengine kuthubutu kumgusa, kisha akamtuma kwa kuhani, ili apokelewe tena na watu wake. Uponyaji ule ulikuwa njia ya kumrudisha mtu kati ya wenzake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba aibu si mzigo, au kwamba anayetamani kucheka bila kujiziba anatamani upuuzi. Lakini hapohapo tunaonywa. Kama ugonjwa uko pia machoni mwa watu, kumfunika mmoja meno kutamponya yeye na kuyaacha macho yetu yakiwa na ugonjwa wao. Kesho yatamgeukia mwingine asiye na fedha, na aibu yake itakuwa kubwa kuliko ya jana, kwa kuwa sasa umaskini wake nao utaonekana kinywani.

Hoja ya tatu inahusu ukweli. Je, jino lililofunikwa ni uongo? Mkristo hapaswi kuvaa uso usio wake. Tunajibu kwamba kufunika na kudanganya ni vitu viwili. Mtu aliyekatwa mguu akivaa mguu wa bandia chini ya suruali hajamdanganya yeyote. Uongo huingia pale mtu anapoficha jambo ambalo mwenzake ana haki ya kulijua. Wachumba wengi huku kwetu huogopa meno ya kahawia wakidhani watoto watayarithi. Hayarithiwi. Mtoto aliyelelewa kwa maji safi atakuwa na meno meupe hata kama wazazi wake wote wawili wana madoa. Anayeweka kaure kabla ya harusi hajamwibia mchumba wake kitu, lakini tunashauri amwambie, kwa sababu ndoa inayoanza kwa kuficha hata jambo jepesi hujifunza kuficha mazito. Pia atawajibika kumwambia habari ya gharama, ambayo wataibeba pamoja.

Tufike sasa kwenye gharama, na hapa tunaomba kijana asikilize kwa makini, maana tamaa huwa haihesabu.

Enameli iliyochongwa hairudi. Mwili huunga mfupa uliovunjika na huziba jeraha la ngozi, lakini enameli hauijengi mara ya pili. Anayechonga jino leo ameamua kwamba jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yake yote. Kaure yenyewe haidumu milele. Kwa kawaida hukaa kati ya miaka 10 na 15, halafu hupasuka, au hubanduka, au fizi hushuka na ukingo kuonekana, ikabidi ibadilishwe. Msichana wa miaka 22 akiweka leo, na Mungu akimjalia kufika 70, atabadilisha mara tatu au nne, na kila mara atalipa upya. Tena watu hawaweki jino moja. Huweka sita, au nane, au kumi, yale yanayoonekana mtu akicheka. Bima nyingi za afya hazilipii kazi ya urembo. Anayekopa ili aweke mara ya kwanza ajiulize mara ya pili atakopa kwa nani.

Si kila kinywa pia kinafaa. Penye meno yaliyooza au fizi zinazotoka damu, ugonjwa hutibiwa kwanza. Anayesaga meno usingizini anaweza kuvunja kaure, na huenda akahitaji kifaa cha kuvaa usiku. Kijana ambaye taya na fizi zake bado zinakua husubirishwa. Na sisi wa maji ya floraidi tuna jambo letu la pekee: gundi hushika vizuri zaidi kwenye enameli nzima, na enameli iliyoharibiwa sana na floraidi huenda isishike vizuri. Daktari mwaminifu atayasema haya kabla ya kutaja bei. Daktari anayekutana nawe mara ya kwanza, akakuahidi meno mapya wiki hiyohiyo bila kukueleza kinachoweza kuharibika, mshukuru na uondoke.

Tena kaure si mlango pekee. Ziko njia nyepesi ambazo hazili jino, au hulila kidogo sana. Madoa mepesi daktari anaweza kuyasugua kwa asidi hafifu na unga laini, akaondoa sehemu ndogo mno ya enameli. Anaweza kung'arisha jino kwa dawa, au kujaza michirizi kwa utomvu mwepesi unaonywewa na enameli. Anaweza pia kupaka plastiki ya rangi ya jino, ambayo ni nafuu kuliko kaure na hurekebishika kwa urahisi ikimeguka, ingawa haidumu sana. Uwakili mwema huanza na hatua ndogo. Mtu hujaribu jambo linaloweza kurudishwa nyuma kabla ya lile lisiloweza.

Hapa tuseme wazi jambo linalotuumiza. Kwa kuwa kaure ni ghali na aibu ni kali, wapo wanaojitibu wenyewe kwa mchanga, kwa msasa, hata kwa tindikali. Wapo pia wanaojilaza kwenye viti vya watu wasio madaktari ili wabandikiwe maganda kwa gundi wasiyoijua. Meno yanayoharibika hivyo hayarudi. Mpendwa msomaji, ukimwona kijana wa usharika wako anaelekea huko, usimhubirie majivuno. Mpeleke kwa daktari wa meno aliyesajiliwa, na ikibidi umlipie ada ya kumwona.

Baada ya hayo yote tunaweza kusema neno juu ya nia, kwa sababu mwishowe ndipo uamuzi unapokaa. Tumewasikiliza vijana wengi, na tunadhani ipo tofauti moja ambayo kila mtu anaweza kuipima mwenyewe katika maombi. Mwenye jeraha anataka kuyasahau meno yake. Mwenye fahari anataka wengine wayakumbuke. Wa kwanza akipata nafuu atacheka, ataimba, atahoji na kuhojiwa, na meno hayatamjia akilini tena. Wa pili akishamaliza meno atahamia kwenye ngozi, kisha nywele, kisha umbo, kwa sababu alichokuwa anatafuta hakikuwa kinywani. Jiulize: ningekuwa mahali ambapo kila mtu ana meno kama yangu, ningetaka jambo hili? Daktari akiniambia kwamba anaweza kuyarudisha meno yangu kwenye rangi ya kawaida ya jino la binadamu, isiyovuta macho ya mtu, ningeridhika, au ningedai weupe wa sahani? Majibu ya maswali haya hayaonekani kwa mchungaji wala kwa mzazi, lakini mwenyewe huyajua.

Anayeyajibu kwa uaminifu, akakuta kwamba anatafuta kupumzika na si kusifiwa, akaelezwa hatari zote, akajaribu njia nyepesi zisitoshe, na fedha anazo bila kumnyang'anya mtu anayemtegemea, sisi hatuoni dhambi. Tutamfurahia akicheka.

Atakuwepo bado mtu wa kusema: fedha hizo zingewafaa maskini. Neno hilo tunalisikia pia katika Injili, pale mwanamke alipomimina marhamu ya thamani, na waliokuwapo wakapiga hesabu ya bei yake na kutaja maskini. Bwana hakuwaunga mkono. Hakumkataza mtu kuwasaidia maskini, ila aliwakataza kumsumbua mwanamke yule. Ni rahisi kuwatumia maskini kama fimbo ya kumpigia mwenzetu, hali sisi wenyewe tumetoka juzi tu kwenye kamati ya harusi iliyokusanya mamilioni kwa chakula cha jioni moja. Anayetaka kumkumbusha binti wa kwaya habari za maskini aanze na mfuko wake.

Lakini tukishakubali hivyo, swali la maji linabaki, na ni la sisi sote, wenye kaure na wasio nayo. Madoa haya yanazuilika. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaondoa vijidudu, lakini maji yanapopungua kwenye sufuria floraidi hubaki palepale na kuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Kinachoiondoa kinajulikana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwenye tanuru, husagwa, na maji hupitishwa juu yake yakaiacha floraidi humo. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, kwa hiyo unahitaji watu wa kuusimamia. Na maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Yanatunyeshea bure, yanapita juu ya bati, yanakwenda mtaroni.

Tuhesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 lina paa la mita za mraba 300. Mvua moja nzuri ya milimita 20 huteremsha lita 6,000 kwenye paa hilo. Familia ikitenga lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, hayo ni maji ya siku 300, hata kama sehemu itamwagika njiani. Kuoga na kufua tuendelee na maji ya bombani; ngozi haidhuriki. Kinachotakiwa ni mifereji, matangi yanayofunikwa, mtu wa kuyasafisha, na kikao kimoja cha kukubaliana kwamba maji hayo ni ya watoto wadogo kwanza. Kwa gharama ya kinywa kimoja cha kaure mtu hatanunua vyote hivyo, lakini usharika unaochanga kwa harusi unaweza kuchanga kwa tangi.

Na tuanze na wadogo kwelikweli. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama anakunywa maji yetu haya, kwa hiyo mtoto anayenyonya amelindwa. Hatari huanza anapoanzishiwa uji uliopikwa kwa maji ya kisima, na inaongezeka anapoanza kula makande yenye magadi. Akina mama wa usharika wakilijua jambo hili moja, na kuutengea uji wa mtoto maji ya mvua, watakuwa wamefanya kazi ambayo hakuna daktari wa Arusha wala wa Dar es Salaam atakayeweza kuifanya baadaye.

Mtoto tunayemletea mchungaji abatizwe, akiwa na miezi mitatu au minne, hana jino hata moja la kuonyesha. Lakini ndani ya taya yake meno ya mbele ya ukubwani yameanza kujengwa. Siku ile usharika mzima husimama na kuahidi kumlea. Basi tukishatoka kisimani pa ubatizo twende naye hadi kwenye ndoo ya nyumbani kwao, tukaulize maji yaliyomo yametoka wapi.